Mashini Yenye Haihesabu

Saa tisa ya muchana, jua ingali kali, Muyisa alifunga rideau, pazia ya dirisha ya salon yake, na maneno yote ilianzia hapo. Mu avenue yetu ya Vulamba, hapa Butembo, mwaka ile ya elfu mbili na moja, hakuna mutu alikuwa anafunga rideau muchana. Kama kuko mugonjwa mu nyumba, unafungua, hewa iingie. Kama kuko kilio, unafungua, batu baingie. Mwenye anafunga, iko na kitu anaficha. Na wakati ile ya rébellion batu balikuwa banaangaliana sana. Mutu anakusalimia vizuri, anauliza batoto, mais macho yake iko ku kitunga yako, inapima kama iko zito.

Kumbe Muyisa alifunga ju ya kamwanga kadogo keupe, kenye kanapotea jua ikipiga ku televizyo.

Muyisa alikuwa mufundi wa radio, na meza yake ku soko. Alienda Beni kutafuta bipande, akakuta batoto ya mupishi moja wa zamani banauzisha malle, sanduku kubwa ya baba yao. Mule mu malle kulikuwa mashini. Muzungu wa plantation ya kahawa aliileta kutoka Ulaya, akacheza kidogo na bibi yake, kisha zaïrianisation ikakuya, serikali ikakamata mali ya bazungu, akapanda ndege, akaacha kila kitu. Mupishi aliifunga mu blanketi miaka makumi mbili na saba. Hakuicheza, hakuiuzisha, alingoja patron arudi. Patron hakurudi. Chini ya mashini kuliandikwa Odyssey, na mu karatasi yake mwaka 1972. Leo bajukuu bananionesha mu telefone: asema, sokulu, ile njo ilikuwa ya kwanza mu dunia yote, yenye batu balinunua na kuunga ku televizyo ya nyumbani. Ya kwanza. Na ilikuwa Vulamba, juu ya kabati ya Hulda, karibu na sukari.

Ni sanduku nyeupe, ukubwa ya Biblia mbili. Kunatoka kamba mbili, kila kamba na kasanduku kake ka mukono, kenye bifungo ya kuzungusha. Unaunga fasi ya antenne, unaweka pile sita. Ku kioo kunatokea mustari moja, kamwanga kako, kamwanga kangu, na kengine kenye kanaruka, njo mupira. Hakuna sauti. Hakuna rangi. Ukitaka rangi, unabandika plastiki ku kioo: moja iko na uwanja ya kijani, ingine na picha ya nyumba kubwa ya madirisha mingi. Kulikuwa tena kete na karte za kucheza, mais Hulda, bibi ya Muyisa, alizichoma siku ya kwanza, ju yeye ni mama wa chorale. Na Muyisa mwenyewe alichoma karatasi moja ya maelezo, ju kulikuwa picha ya bunduki yenye kamba, ya kuunga ku mashini ileile.

"Basoda bakiikuta hapa," alisema, "nani ataenda kubaelezea kama ni ya kucheza?"

Siku ile ya rideau alikuwa anacheza na Julie, binti yake wa miaka kumi na tano.

"Imekupita, baba. Moja kwangu."

"Haikunipita. Niligusa."

"Uligusa na nini? Na mawazo?"

"Julie, mi ni baba yako."

"Baba yangu iko na sifuri."

Na hakuna wa kubaamua. Mashini ile haihesabu. Haijue nani alishika, nani alikosa. Mupira inapita, inapotea kandokando, na ni beye wenyewe banapashwa kusema. Kama mumoja hapana kubali, mashini inanyamaza tu.

Hulda alikuwa mu mulango ya jikoni anabaangalia. Hakucheka. Siku kumi sasa, Hulda hakuwa anacheka na bwana yake. Juu ya étagère, nyuma ya kichwa yake, kulikuwa boîte tatu ya sardine. Muyisa alizileta kutoka kambi ya basoda, kwenye balimuita kutengeneza phonie, ile radio yao ya kuongea mbali. Balimulipa na sardine. Hulda alizipanga pale, na tangu siku ile hakufungua hata moja. Chakula ilikuwa sombe, majani ya muhogo, kesho sombe, na sardine inabaangalia.

*

Agar aliingilia mulango ya jikoni, si ya mbele. Yeye ni bibi ya Kahongya, na Kahongya basoda balimukamata siku munane mbele. Balimutoa mu nyumba asubui, miguu bila viatu, na batri yake mupya ya gari balibeba nayo. Balisema iko anatumikia Mai-Mai, bale bapiganaji ya pori. Batu ya avenue banasema balimusafirisha Beni. Njo yote ilijulikana.

"Wasingya, Mama Julie. Sikai. Baba Julie iko?"

Muyisa alitoka salon. Agar aliangalia rideau nyuma yake, akashusha sauti.

"Baba Julie, mi nilibatizwa, unajua. Mais siku munane silali. Kwetu Kipese kulikuwa muzee mwenye alikuwa anaangalia mu sahani ya maji. Mutu akiibiwa, anaona sura ya mwizi mu maji. Banasema ya kwako ni sahani ya bazungu."

"Nani anasema?"

"Batu. Banaona unafunga rideau, munakaa kimya, munaangalia kamwanga. Nioneshe kidogo tu. Nani alitaja bwana yangu ku basoda."

"Mama Agar, ni muchezo. Kama mupira."

"Muchezo ya mutu muzima? Na rideau?"

"Kweli."

"Mbona Julie hacheki mukicheza? Mupira bila kelele, wapi uliiona?" Akakunja kitenge yake. "Bon. Siwezi kukukaza. Mais kama ungekuwa weye bamekamata, Kahongya hangemuficha Mama Julie."

Akatoka. Hulda alibaki anakatakata majani, kisu inapiga meza, to, to, to, na haangalie mutu.

Muyisa alirudi mu salon akakaa. Na acha niseme sasa yenye alikuwa nayo mu roho, ju hakuna mwengine aliijua. Siku ile ya phonie, commandant alimuuliza: batri yetu imekufa, mu mutaa hii nani iko na batri muzuri? Na Muyisa, mikono mu mashini, akili mu mashini, alijibu sawa vile mutu anajibu mufundi mwenzake: Kahongya njo iko na ya mupya, alirudi nayo juzi kutoka Mabalako. Ni yote. Alisema Mabalako sawa unavyosema soko, na kule njo kwa Mai-Mai. Mais commandant alitia kalamu chini.

"Mabalako? Anaendaka kule?"

"Kila mwezi. Anatafuta muchele."

"Kila mwezi," commandant alisema. Akamupa sardine.

Siku mbili kisha, balikuya kumukamata Kahongya. Na tangu pale Muyisa alikuwa anajiambia: batri tu, nilisema batri tu. Njo mana alicheza sana. Mutu akizungusha kifungo na kufuata kamwanga, hapana waza.

*

Mu avenue, neno ilikuwa inatembea. Malachie, chef ya avenue, alikuya kugomba.

"Muyisa, mi ni Mukatoliki, sipendi mambo ya mizimu mu avenue yangu."

"Chef, hakuna muzimu. Ni kamwanga na pile sita."

"Ah. Pile." Akaangalia mulango kama imefungwa. "Na mbuzi? Inaweza onesha mwenye alikula mbuzi?"

"Chef."

"Niko nauliza tu. Mbuzi yangu ya Noël."

Mais batu hapana waza mbuzi. Balikuwa banawaza Siméon. Siméon alikuwa mushonaji wa nguo, na mwezi ile basoda balimuletea uniforme makumi tatu za kupunguza mikono. Mutu anashona uniforme, anaingia kambi, anatoka kambi. Bibi ya jirani alisema alimuona anacheka na musoda. Mwengine alisema batoto yake banakula nyama. Kila mutu aliongeza kake. Asubui moja Siméon alifungua mulango, akakuta kibati ya esanse ya gari imewekwa ku kizingiti, tupu. Tupu, mais inanuka. Ni kumuambia kama ya kujaa iko nyuma.

Bateja yake balikuya kuchukua bitambaa vyao bila kushonwa. Mama moja alimunyanganya robe ingali chini ya sindano. "Sitaki nguo yangu ipitie mu mikono yako," alisema mbele ya batu, na Siméon aliinama kukata uzi, asiharibu robe ya yule mama.

Jumatano, bavijana balikuya kwa Malachie: asema tunachoka kungojea, chef, leo magaribi tunamaliza. Malachie aliogopa. Alibaambia: ngojeni, saa tisa tutaangalia mu mashini ya Muyisa mbele ya batu bote. Mashini ikimutaja Siméon, mi sina neno tena. Isipomutaja, munamuacha. Bavijana balikubali. Siméon naye alikubali, njo yenye ilishangaza. "Baangalie," alisema. "Mi sina kitu mule."

Muyisa aliposikia, alikataa. Malachie alimushika mukono.

"Ukikataa, banamuchoma bila mashini. Sasa chagua."

*

Saa tisa salon ilijaa mpaka dirisha. Siméon alisimama karibu na mulango, mètre yake ya kupimia ingali mu shingo, alisahau kuitoa. Bavijana balisimama nyuma yake. Agar alikaa chini, mbele kabisa, sawa vile unakaa mu kanisa.

Malachie njo alipanga. Alisema ile plastiki ya nyumba ya madirisha mingi ni muzuri, kila dirisha ikuwe nyumba ya mutu. Akaandika majina ku tukaratasi, Julie akatubandika na bugali ya muchana: Malachie, Agar, Siméon, yule kijana mwenye batu banasema aliweka kibati ya esanse, mama wa robe, na Muyisa mwenyewe chini kabisa ku kona. Rideau ikafungwa. Kamwanga kakatokea, keupe, katikati ya nyumba, kanatetemeka kidogo ju pile ilikuwa inachoka.



Muyisa alishika kasanduku. Na mule mu giza ile aliona kama ilikuwa rahisi. Kidole kimoja. Kifungo moja kuzungusha kidogo ku mukono ya kuume, kamwanga kapande, kafike kwa Siméon, na batu batoke, na ile neno ya Mabalako izikwe nayo. Nani atajua? Mashini haitasema. Haisemaka kitu.

Akakatia chini. Akakasogeza mbele ya Agar.

"Zungusha weye."

"Mi sijui."

"Hakuna ya kujua. Zungusha."

Agar alizungusha, na kamwanga kakaruka huku, kakaruka kule, kisha kakapanda moja kwa moja mpaka kwa Siméon, kakasimama. Batu balipumua kwa sauti. Kijana moja alisema, "Si muliona." Siméon alifunga macho.

"Mama Agar," Muyisa alisema. "Ni nani ameipeleka pale?"

"Ni yenyewe."

"Toa mukono."

Akatoa. Kamwanga kakabaki palepale.

"Rudisha mukono. Ipeleke kwa chef."

Kamwanga kakaenda kwa Malachie.

"Ayi," Malachie alisema. "Itoeni pale."

Batu bamoja balicheka, mais kicheko ilikuwa ya woga. Muyisa alikamata kasanduku akakapitisha. Malachie aliichukua, akasema iko anajaribu tu, na kamwanga kakaenda mbio kwa mama wa robe. "Mbuzi yangu," alisema polepole. Mama wa robe akainyanganya, akaipeleka kwa yule wa esanse. Wa esanse akaipeleka kwa Malachie tena, bakaanza kugombana: weye unawaza mi njo niko mwizi, na weye unawaza mi njo mutoa-neno. Kila mutu, kamwanga kalienda kwenye roho yake ilikuwa tangu zamani. Kasanduku kalipofika kwa Siméon, yeye alizungusha mpaka kamwanga kakatoka inje ya nyumba yote, kakasimama mu giza ya kando, hakuna dirisha. "Mi sijui nani," alisema. Akaitia chini.

"Munaona," Muyisa alisema. "Haijue kitu. Ni mikono yenu. Muende nyumbani, mumuache Papa Siméon."

Angekuwa alimaliza pale. Batu balianza kusimama, bavijana balikuwa banaangalia chini. Na Hulda akatoka jikoni.

Hakuna mutu alimuita. Alipangusa mikono ku kitenge, akapita katikati ya batu, akainama, akakamata kasanduku. Hakuwahi kuigusa hata siku moja. Alizungusha polepole sana, sawa mutu anashona. Kamwanga kakashuka, dirisha kwa dirisha, kakapita Malachie, kakapita Agar, kakafika chini kabisa ku kona, kwenye kuliandikwa Muyisa. Kakasimama.

"Mama," Julie alisema.

"Mashini hapana jua kitu," Hulda alisema. "Amesema kweli. Mais mi niko najua boîte tatu ya sardine. Niko najua mutu alitoka kambi, na tangu siku ile hapana niangalia mu macho. Baba Julie, mi sisemi ni weye. Niko nakuuliza. Kila asubui nilitaka kuuliza, nikaogopa jibu. Sasa nakuuliza mbele ya batu, ju nyumbani ungenidanganya na mi ningekubali."

Muyisa angeweza kukataa. Hakuna mutu alikuwa na kitu mu mukono ya kumuonesha.

"Balitafuta batri," alisema. "Nilisema Kahongya iko nayo. Nilisema aliitoa Mabalako. Baliniuliza anaenda mara ngapi, nikasema kila mwezi. Sikuwaza. Mama Agar, sikuwaza kitu."

Kijana moja alisogea mbele. Siméon, yuleyule, akaweka mukono mu kifua yake akamuzuia.

Agar hakupiga kelele. Alisimama, akatengeneza kitenge yake, aliitengeneza mara mbili.

"Siku munane nilikuwa silali," alisema. "Nilikuya ku jikoni yako, ukaniambia muchezo."

"Ndiyo."

"Kesho gari ya Beni inatoka saa kumi na mbili. Utapanda na mi. Yenye umesema hapa, utaisema kule."

"Batanifunga."

"Inawezekana," Agar alisema.

*

Asubui Hulda alifungua kabati, akafunga kitambaa moja. Alitia bugali baridi, na chumvi, na zile boîte tatu ya sardine. Akamupatia Agar, si bwana yake. "Za Kahongya," alisema. "Zilikuwa zake tangu mwanzo."

Ya Beni ni murefu, nitakata. Muyisa alisimama mbele ya mukubwa mwengine kabisa, akasema: ni mi nilimutaja, na kule Mabalako anafuata muchele tu, muulizeni mwenye kumuuzishia. Mukubwa alimupiga makofi mawili, mbele ya Agar, ju ya kupoteza wakati yao. Kisha aliuliza kama ni kweli iko mufundi. Balimukalisha siku ine mu kadepo, akatengeneza phonie tatu, hakuna malipo, hakuna sardine. Na balipotuma mutu Mabalako kuuliza, siku ya tano Kahongya akatoka, amekonda, mwenye kilema ya kidole, bila batri. Balirudi batatu mu gari moja. Kutoka Beni mpaka Butembo Kahongya alikaa katikati.

Mu avenue, Siméon alipata bateja yake tena, polepole. Mama wa robe alirudisha robe yenyewe, hakuomba musamaha, alisema tu mukono ya kushoto inabana. Siméon akaipanua.

Hulda alianza kupika sawa zamani. Kucheka haikurudi haraka.

Wiki tatu zilipita. Siku moja ya muchana Kahongya alipiga hodi ku mulango ya mbele. Hulda alimufungulia. Kahongya aliingia, akakaa ku kiti, akaangalia televizyo.

"Njo hii?"

"Njo hii," Muyisa alisema.

"Washa."

Muyisa aliwasha. Alisimama ili afunge rideau, Kahongya akasema acha wazi. Basi ilibaki wazi, jua inaingia, kamwanga kanaonekana kwa shida, na babwana babili balipashwa kusogeza biti karibu na kioo mpaka mabega inagusana. Balicheza. Inje batu balikuwa banapita, banaangalia ndani, banaendelea. Kahongya alizungusha na mukono ya kushoto ju ya kile kidole.

Mupira ilienda, ikarudi, ikaenda. Mara moja ikapita kando ya Muyisa, karibu sana, ukubwa ya kucha. Mutu wa inje hangeona. Ikapotea. Mashini ikanyamaza, sawa vile inanyamazaka.

Kahongya naye alinyamaza. Hakusukuma kifungo ya kurudisha mupira. Hulda alisimama mu mulango ya jikoni, kijiko mu mukono.

"Imenipita," Muyisa alisema.

"Niliona," Kahongya alisema. "Nilikuwa nangojea useme."

Akarudisha mupira.